Viungo 360 vya Mwili: Vimefungwaje, na Vinapouma Tufanyeje?

  

 Kila mwaka tunapofika kwenye mlango wa sadaka katika somo la hadithi, darasa huuliza swali lile lile: "Ustadh, hivyo viungo 360 viko wapi?" Hapo hapo wengine huanza kukunja vidole na kuhesabu, na wakifika kwenye bega hupotea. Makala hii ni jibu letu kwao. Tumeongeza na sehemu ya pili inayowahusu zaidi wazazi, kwa sababu kiungo cha mtoto kinapovimba, siku mbili tatu za kungoja zaweza kumgharimu mguu, na wakati mwingine zikamgharimu moyo.

HADITHI YENYEWE

Hadithi tunayoikusudia imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.). Maana yake ni kwamba kila mwanadamu ameumbwa juu ya viungo mia tatu na sitini, na mwenye kuleta takbira, tahmidi, tahlili, tasbihi na istighfari, au akaondoa jiwe, mwiba au mfupa katika njia ya watu, au akaamrisha mema na kukataza maovu, kwa idadi ya viungo hivyo, basi siku ile hutembea hali ya kuwa ameiepusha nafsi yake na Moto. Katika hadithi nyingine aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Dharr (R.A.) tunafahamishwa kwamba kila asubuhi kila kiungo cha mmoja wetu kinadaiwa sadaka, na kwamba rakaa mbili za Dhuha zinatosheleza yote hayo.

Neno lililotumika kwa Kiarabu ni mafsil, wingi wake mafasil, yaani pale vitu viwili vinapoachana na kukutana. Kiswahili chetu hapa kina utata kidogo. Tukisema "viungo" tunaweza kumaanisha mikono na miguu, na jikoni tukamaanisha iliki na mdalasini. Katika makala hii kiungo ni pale mfupa unapokutana na mfupa mwenzake, basi.

Je, madaktari nao wanahesabu 360? Jibu ni kwamba inategemea unakiita nini kiungo. Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga anayo mingi zaidi, baina ya 270 na 300, kwa kuwa mingi huungana kadiri anavyokua. Pingili tano za chini mgongoni, kwa mfano, huwa mfupa mmoja utu uzima unapoingia. Sasa, ukihesabu viungo vinavyokunjika tu utapata idadi moja. Ukiongeza mishono ya fuvu utapata nyingine. Ukiongeza na pale jino linapokaa ndani ya taya, ambapo wataalamu wengi wanapahesabu kuwa ni kiungo, na vile viungo vidogo vidogo vilivyo nyuma ya kila pingili ya mgongo, hesabu inapanda tena. Ndiyo maana vitabu vya tiba havikubaliani. Sisi hatuoni haja ya kushangilia kitabu kikifika 360 wala kutetereka kikitaja idadi nyingine. Hadithi ni sahihi, na ilikuja kutufundisha deni la sadaka. Mwenye kuigeuza kuwa mtihani wa biolojia ameacha lile lililokusudiwa.

Na kuhesabu mifupa si jambo jepesi hata kwa mabingwa. Tabibu wa Kiyunani Jalinus, aliyeishi karne ya pili Miladia, aliandika kwamba taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana kwa nguvu pale kidevuni. Watu wakalikubali neno lake kwa karne nyingi, maana Jalinus alikuwa Jalinus. Kisha Misri ikapatwa na njaa kubwa kuanzia mwaka 1200 Miladia, watu wakafa kwa wingi, na huko al-Maqs kukawa na marundo ya mifupa ya binadamu. Mwanachuoni Abdul-Latif al-Baghdadi alikuwapo Misri wakati huo. Alikwenda akayatazama mafuvu yale moja baada ya jingine, yeye na wengine, zaidi ya elfu mbili, na hakuona taya la chini lenye kiungo katikati. Akaandika wazi kuwa ni mfupa mmoja, na kwamba ushahidi wa macho ni bora kuliko kumfuata Jalinus. Leo tunajua kuwa mtoto tumboni huwa na vipande viwili, navyo huungana katika mwaka wake wa kwanza, kisha alama hufutika. Al-Baghdadi aliwatazama watu wazima, na kwa watu wazima alisema kweli.

KIUNGO KIMEJENGWA VIPI

Vipo viungo visivyocheza, kama mishono ya fuvu inayofunga vipande vya mfupa ili ubongo ukae salama. Vipo vinavyocheza kidogo, kama pingili za uti wa mgongo ambazo kati yake mna visahani vya gegedu vinavyopokea uzito. Hivyo hatutavirefusha. Kazi kubwa ya mwendo inafanywa na aina ya tatu, viungo vyenye ute, na hivi ndivyo vilivyo begani, kiwikoni, nyongani, gotini, vifundoni na vidoleni.

Mkitaka kuviona msiende mbali. Siku mama anapokata kuku, mwombeni awaonyeshe pale paja linapoachana na mguu. Ncha ya mfupa imefunikwa kwa kitu cheupe chenye kung'aa na kuteleza. Hilo ndilo gegedu. Mtaona pia ute mzito kidogo, kama weupe wa yai, na ngozi nyembamba lakini imara iliyozunguka pote kama mfuko. Nyuzi nyeupe zinazokataa kisu ni kano. Kano nyingine zinafunga mfupa kwa mfupa ili visiachane, na nyingine zinafunga msuli kwa mfupa ili msuli ukivuta, mfupa utii. Basi kuku na mwanadamu hapo hawapishani sana.

Gegedu lina jambo la ajabu. Halina mishipa ya damu. Sehemu nyingi za mwili wetu zinaletewa chakula na damu hadi mlangoni, lakini gegedu linakula kutokana na ule ute. Tunapotembea au kuinama, gegedu linabanwa na kutoa maji yake, kama sifongo ya kuoshea vyombo; tunaponyanyuka linaachiwa na kufyonza ute mpya wenye lishe. Kwa hiyo kiungo kisichotumika kinakonda kwa njaa, na mtu aliyefungwa plasta ya mguu kwa wiki kadhaa analijua hili, kwani siku ya kufunguliwa goti linakuwa gumu kama mlango uliokaa na kutu. Gegedu halina mishipa ya fahamu pia. Linaweza kulika kwa miaka bila ya mwenyewe kuhisi kitu, na maumivu yakaanza pale sehemu za jirani zinapodhurika. Na kwa kuwa halina damu, likishaharibika haliponi upesi kama ngozi iliyokwaruzwa.

Maumbile ya viungo hivi yanatofautiana kwa kadiri ya kazi. Kiwiko ni bawaba, kinafunguka na kufunga upande mmoja. Nyonga ni mchi na kinu: kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja kimeingia ndani ya shimo la mfupa wa nyonga, kwa hiyo paja linakwenda mbele, nyuma, pembeni na kuzunguka, lakini halichomoki ovyo. Bega nalo ni mchi na kinu, ila kinu chake ni kifupi mno, karibu na kisahani. Kwa ajili hiyo mkono unafika kila upande, hadi mgongoni, na kwa ajili hiyo hiyo bega ndilo kiungo kikubwa kinachoteguka mara nyingi kuliko vyote. Shingoni pingili mbili za juu zimegawana kazi: kichwa kikikubali kwa kuinama na kuinuka kinacheza juu ya pingili ya kwanza, na kikikataa kwa kugeuka huku na huku, pingili ya kwanza inazunguka juu ya ya pili. Salamu ya kumalizia swala, kulia kisha kushoto, sehemu kubwa yake inafanyika hapo. Dole gumba limekaa juu ya mfupa wenye umbo la tandiko la farasi, nalo linaweza kuvikabili vidole vingine vyote. Jaribuni kuandika alif bila ya dole gumba.

Mkono mmoja, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Mguu mmoja kuanzia kifundo kwenda chini una mifupa 26. Ukichanganya mikono miwili na miguu miwili unapata 106, yaani zaidi ya nusu ya mifupa yote ya mwili. Sehemu tunazoziosha katika udhu, basi, ndizo zilizobeba wingi wa viungo.

Hapa tujibu na jambo la kualisha vidole, kwa kuwa darasani mlio huo hausimami. Ule mlio si mfupa kusuguana na mfupa. Ndani ya ute mna gesi iliyoyeyuka, na kiungo kikivutwa ghafla hutokea kiputo. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada waliupiga picha mwendo huo kwa mashine ya MRI na kuuona. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 50, na mwaka 1998 akaandika kwamba mikono yake yote miwili ilikuwa sawa, hakuna uliopata ugonjwa wa viungo. Mtu mmoja si utafiti mkubwa, lakini wale wanaowatisha watoto kuwa vidole vitapinda hawana ushahidi. La muhimu kwetu ni jingine: kualisha vidole ndani ya swala ni makruhu, kwa kuwa ni mchezo, na msikitini jirani yako anasikia.

GOTI NA SWALA

Goti ndilo kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Juu kuna mfupa wa paja, chini kuna mfupa wa muundi, na mbele kuna kile kifupa cha duara tunachokiita pia ya goti. Katikati mna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga vinavyokaa kama mito, na ndani kabisa kano mbili zimepishana kama mkasi ili muundi usiteleze kwenda mbele au nyuma. Mpigaji mpira akigeuka ghafla na mguu wake umekanyaga imara, kano hizo ndizo zinazokatika. Unapopanda ngazi goti hubeba mzigo unaozidi mara tatu uzito wa mwili wako. Hesabuni wenyewe kwa babu mwenye kilo 80.

Katika swala za faradhi za siku moja tuna rakaa 17, na ndani yake sijda 34. Kila sijda inakunja goti karibu mwisho wake, inakunja vidole vya miguu, inapinda kifundo, inanyoosha viganja. Tunasujudu juu ya viungo saba: paji la uso, viganja viwili, magoti mawili na ncha za miguu miwili. Katika Sahihi ya Imam Bukhari, Abu Humayd as-Saidi (R.A.) alipoisifu swala ya Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba alipoinuka kutoka rukuu alisimama sawasawa mpaka kila pingili ikarejea mahala pake. Hiyo ndiyo tumaanina, utulivu, na ni nguzo. Mwenye kudonoa swala kama kuku hazipi pingili zake nafasi ya kurudi.

Wapo wanaopenda kusema swala ni mazoezi ya mwili. Sisi hatulipendi neno hili. Swala ni ibada, na mwenye kusali kwa ajili ya goti lake amelisujudia goti. Kwamba mwili unapata faida yake ni fadhila ya Allah (S.W.), hatuikanushi.

Kwa hiyo mnapowaona wazee wetu wanasali juu ya kiti, msicheke wala msinong'one. Gegedu lao limelika. Imran bin Husayn (R.A.) aliugua bawasiri akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu swala, akaelekezwa asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, na asipoweza basi kwa kulala ubavu. Mzee anayeweza kusimama akashindwa kusujudu tu, asikimbilie kiti tangu takbira ya kwanza. Asimame pale anapoweza, na hukumu za kila hali amuulize sheikh wake. Vijana kazi yenu ni kumwekea kiti sawa na safu.

VIUNGO VINAPOUMA

Wazee wetu waliyaita maumivu ya viungo "baridi yabisi", na jina hilo limetuachia fikra kwamba kila ugonjwa wa viungo unatokana na upepo wa baridi au kuoga usiku. Baridi inaweza kumfanya mgonjwa ahisi maumivu zaidi, lakini magonjwa yenyewe ni mengi na kila moja lina dawa yake. Kulika kwa gegedu ni kwa umri, uzito na majeraha ya zamani. Jongo ni chembe za asidi ya yuriki zinazojikusanya ndani ya kiungo kama vigae, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, na huamka usiku wa manane baada ya karamu ya nyama.

Pwani yetu inaujua na ugonjwa uliopata jina lake kwa viungo. Mwaka 1952 ulizuka kusini mwa Tanganyika, na Wamakonde wakauita chikungunya, kwa maana ya kinachomkunja mtu. Unaletwa na kirusi kinachobebwa na mbu anayeuma mchana. Mwaka 2004 ulishuka Lamu, na uchunguzi wa damu uliofanyika mwaka huo huo ulionyesha kuwa karibu watu watatu kati ya kila wanne walikuwa wameambukizwa. Ukafika Mombasa, na mwaka 2005 ukavuka hadi Ngazija. Ulikuwa wakati wa ukame, watu walihifadhi maji majumbani kwenye mitungi na madebe yasiyofunikwa, na mbu huyo anapenda maji ya namna hiyo hiyo. Mombasa uliurudia tena mwishoni mwa mwaka 2017. Pipa la maji ya udhu, basi, lifunikwe.

Sasa tuje kwa watoto. Tunawaomba wazazi wasome hapa kwa makini.

Mtoto wa baina ya miaka mitano na kumi na mitano anaweza kuumwa koo, akapona bila dawa, kisha baada ya wiki mbili au tatu akapata homa na goti likavimba. Siku mbili baadaye goti linatulia, kifundo cha mguu kinavimba. Kisha kiwiko. Maumivu yanahama. Nyumbani watu husema anakua, au ametegeka mchezoni, au kuna kijicho. Hii yaweza kuwa homa ya rumatiki, inayotokana na bakteria wa koo aitwaye streptokoka. Viungo vitapona vyenyewe bila kuacha alama, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mzazi hushukuru na kusahau, kumbe ugonjwa umeziuma vali za moyo. Miaka ikipita kijana anaanza kuhema akipanda ngazi. Kinga yake ni rahisi: koo la mtoto lenye homa litazamwe zahanati na litibiwe dawa kamili hadi mwisho wa dozi, na aliyekwisha kupata ugonjwa huu achomwe sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, bila ya kuruka.

Hali ya pili ni kiungo kimoja kilichovimba, cha moto, chenye maumivu makali, na mtoto ana homa na hataki hata kiguswe. Inawezekana ndani mna usaha. Usaha unakula gegedu kwa muda wa siku chache tu, na tumekwisha kusema gegedu halirudi. Mtoto wa namna hii hapelekwi kuchuliwa wala kukandwa. Apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku. Kisomo tutamsomea, na ruqya ni haki, lakini kisomo na gari vinakwenda pamoja.

Hali ya tatu ni mtoto mwenye selimundu. Chembe zake nyekundu za damu zinajipinda na kuziba mishipa midogo, mifupa na viungo vikauma vibaya, na kwa wachanga viganja na nyayo huvimba. Anayelia usiku kwa mikono na miguu mara kwa mara, macho yake ya manjano, apimwe damu. Anahitaji kunywa maji mengi na kukingwa na baridi na homa ya malaria. Mtoto huyu akishindwa kukaa kwenye mkeka saa nzima haimaanishi ni mvivu wa kusoma.

Na bega au kiwiko kikichomoka mchezoni, asitokee shujaa wa kukivuta. Karibu na kiungo hupita mishipa ya damu na ya fahamu, na kuvuta kwa pupa kunaweza kuikata. Mfungeni mkono kwa kanga jinsi ulivyokaa, kisha hospitali.

Kwa upande wetu wa madrasa, mwanafunzi yeyote mwenye maumivu ya viungo mzazi wake atuarifu, ili aruhusiwe kukaa kwenye benchi au kunyoosha miguu wakati wa darsa. Na mwenye kadi ya sindano aje nayo tuinakili tarehe zake. Siku ya sindano haandikwi mtoro, na sabaki ya siku hiyo ataisoma kesho yake. Wallahu aalam.